Tope Si Sumu? Somo Kutoka kwa Salamanda wa Mito ya Marekani

 

Somo la leo limeanzia kwenye simu. Kiangazi kilichopita kijana mmoja wa huku kwetu Lushoto, analima karoti, kabichi na hoho za soko, alinipigia asubuhi na mapema. "Shikamoo bwana shamba. Mashine inavuta tope, mipira ya matone imeziba yote, hoho zinanyauka. Nifanyeje?"

Nikaenda. Tukazibua mipira pamoja. Tukafungua mashine, tukakuta feni ya ndani imelika kwa mchanga. Nikamwambia, "Haya, tupande juu kidogo tufuate kijito." Hatukufika mbali. Vitanda vya karoti vilikuwa vimeshuka mpaka ukingoni kabisa, ukiteleza unaangukia majini. Ng'ombe wawili walikuwa wamesimama katikati ya maji, wanakunywa na kujisaidia hapohapo. Ukingo umemeguka vipande vipande. Na vile vitanda vilivyogusa maji vilikuwa kwenye shamba la pili ambalo yeye mwenyewe amelikodi. Yaani tope lililoua mashine yake, sehemu yake lilitoka kwake.

Nikamwonyesha. Akaangalia, akacheka kidogo, akasema, "Lakini bwana shamba, hilo ni tope tu. Ni udongo. Tope si sumu."

Siku ile nilimjibu harakaharaka na nikaona jibu halikumwingia. Leo nataka kulijibu vizuri, kwa sababu najua wengi wenu mnaamini hivyohivyo. Mtu akimwaga dawa ya wadudu mtoni, kijiji kizima kinapiga kelele. Akimwaga udongo, hakuna anayegeuka. Basi nitaleta shahidi kutoka mbali: mnyama wa mito ya milimani huko Marekani, ambaye anapotea huku watu wakibishana kama tope lina ubaya wowote.

Mnyama mwenyewe ni nani

Anaitwa helibenda. Jina la kitaalamu ni Cryptobranchus alleganiensis. Ni salamanda, yaani yuko kundi moja na chura, ila ana mkia mrefu na umbo linalokaribia la mjusi. Usimchanganye na mjusi wa ukutani: mjusi ana magamba na anaishi nchi kavu, huyu ana ngozi laini yenye ute na maisha yake yote yako majini.

Ndiye salamanda mkubwa kuliko wote Amerika Kaskazini. Anaweza kufikia urefu wa sentimita 74 na uzito wa zaidi ya kilo 2. Kichwa kimebapa kama kimekanyagwa, macho madogo, na ubavuni ana ngozi iliyolegea yenye mikunjo kama pindo la shuka. Wenyeji wamempa majina ya utani, mojawapo kwa Kiswahili lingekuwa "fisi maji wa makamasi". Si jina la heshima, lakini ukimshika utaelewa lilikotoka.

Anaishi kwenye mito ya majimbo mengi, kuanzia New York upande wa kaskazini kushuka milima ya Appalachia hadi Georgia, na upande wa magharibi mpaka Missouri na Arkansas. Mchana anajificha chini ya jiwe kubwa bapa, usiku anatoka kuwinda. Chakula chake kikuu ni kamba wa maji baridi, wale ambao wenzetu wa Naivasha, Kenya, wanawajua vizuri. Anaweza kuishi miaka 25 hadi 30. Zamani wavuvi wengi walimuua wakiamini ana sumu na anawamalizia samaki. Ilikuwa ni kumwonea tu. Hana sumu ya kumdhuru mtu.

Tope linaua vipi bila kuwa sumu

Sasa tusikilize hapa taratibu, maana hapa ndipo lilipo jibu la yule kijana.

Helibenda mkubwa ana mapafu, lakini hayategemei kupumua. Hewa yake karibu yote anaivuta kupitia ngozi. Ile mikunjo ya ubavuni niliyosema kazi yake ndiyo hiyo: inaongeza eneo la ngozi linalogusa maji. Kwa hiyo anahitaji maji yenye hewa nyingi. Na maji yenye hewa nyingi yana sifa mbili: ni ya baridi, na yanakimbia juu ya mawe. Maji yakipata joto, uwezo wake wa kubeba hewa unashuka. Kata miti ya ukingoni, jua likaingia mtoni moja kwa moja, tayari umempunguzia mnyama pumzi, na hujamwaga dawa hata tone.

Halafu linakuja tope. Mto mzuri wa mlimani una sakafu ya mawe na changarawe, na katikati yake kuna nafasi, vichochoro vidogo vidogo ambamo maji yanapita. Helibenda wachanga wanaishi kwenye vichochoro hivyo. Wadudu wa majini wanaowalisha wachanga hao wako humohumo. Mayai nayo yanawekwa kwenye pango chini ya jiwe, ambako maji lazima yapite ili yai lipate hewa. Udongo laini ukishuka kutoka shambani, unatulia na kujaza kila upenyo. Jiwe lipo palepale, mto upo palepale, maji yanatiririka kama kawaida. Lakini chini ya jiwe hakuna tena chumba. Ni kama mtu aje usiku ajaze saruji ndani ya nyumba yako mpaka darini, halafu asubuhi aseme, "Mbona nyumba ipo?"

Kwa hiyo ndiyo, tope si sumu. Tope linaziba. Kwa mnyama anayepumua kwa ngozi na kulea watoto chini ya mawe, kuzibwa na kupewa sumu mwisho wake ni mmoja. Na kwa mkulima mwenye mipira ya matone, mnaona wenyewe: tundu la matone likizibwa, mche unanyauka huku tenki limejaa.

Baba anayekula mayai yake

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya nikae chini niandike somo hili.

Kwa helibenda, mlezi ni baba. Inapofika Septemba au Oktoba dume analinda pango lake chini ya jiwe. Jike anakuja, anataga mamia ya mayai yaliyoungana kama shanga kwenye uzi, kisha anaondoka zake. Dume anabaki. Anayapepea maji mayai kwa kuyumbisha mwili wake ili hewa iingie, anafukuza maadui, na anaendelea kukaa na watoto kwa miezi baada ya mayai kuanguliwa.

Watafiti wa chuo kikuu cha Virginia Tech, wakiongozwa na William Hopkins, waliweka vibanda vya zege chini ya maji kusini-magharibi mwa jimbo la Virginia ili waweze kufuatilia viota bila kuvuruga mawe. Walifuatilia kwa miaka minane. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2023. Waligundua kwamba viota vingi vinakufa kwa sababu baba mwenyewe anakula mayai yote. Kula yai moja moja, hasa lililoharibika, ni jambo la kawaida kwa wanyama wanaolinda viota. Lakini hapa ni kumaliza kiota kizima. Na kadiri msitu ulivyokuwa umepungua upande wa juu wa mto, ndivyo jambo hili lilivyozidi kutokea.

Fikiria maana yake. Hakuna aliyekuja mtoni na nyavu. Hakuna aliyemwaga sumu. Watu walifyeka miti huko juu, kila mmoja kwenye shamba lake na kwa sababu zake za maana, na huko chini ya jiwe baba akaacha kulea. Mfugaji wa kuku anaelewa hili haraka: kuku anayekula mayai yake anakuonyesha kuna kitu hakiko sawa bandani. Humchinji kwanza, unaangalia banda.

Mto wenye wazee watupu

Mtaniuliza: kama mambo yako hivyo, watu wa kule hawakuona mapema?

Hawakuona, na sababu yake ni hii. Mnyama anayeishi miaka 30 anakudanganya macho. Leo unanyanyuka unaenda mtoni, unamwona helibenda mkubwa, mnene, mwenye afya. Mwaka ujao unamwona tena. Unasema wapo. Lakini huulizi swali la pili: watoto wako wapi? Anachukua miaka mitano mpaka minane kabla hajaanza kuzaa. Kama kwa miaka 15 hakuna yai lililofanikiwa, bado wazee wataonekana mtoni kama kawaida. Halafu ghafla wanaanza kufa kwa uzee, mmoja mmoja, na nyuma yao hakuna mtu.

Desemba 2024, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia samaki na wanyamapori ilipendekeza helibenda wa mashariki awekwe kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Katika tathmini yao walihesabu makundi 626 yaliyowahi kujulikana. Yaliyobaki ni 371. Kati ya hayo, yaliyo imara ni 45 tu. Mengine 218 yanapungua, na 108 hali yake haijulikani vizuri. Ndugu yake wa milima ya Ozark, huko Missouri na Arkansas, alikuwa ameshaingizwa kwenye orodha hiyo tangu 2011.

Tope na ukataji wa miti havikufanya kazi hiyo peke yake. Kuna mabwawa yaliyozuia mito, kuna uchafu wa migodi, kuna magonjwa ya ngozi yanayoletwa na ukungu, kuna watu waliowakamata kwenda kuwauza, na kuna wanaopangua mawe ya mtoni kwa kujifurahisha. Lakini ukisoma tathmini, udongo unaoingia mtoni umetajwa kama tatizo kubwa linalogusa karibu kila mahali alipo mnyama huyu.

Missouri wamejaribu njia ya kuwazalisha. Mwaka 2011 bustani ya wanyama ya Saint Louis, pamoja na idara ya uhifadhi ya jimbo, ilifanikiwa kwa mara ya kwanza kuzalisha helibenda wa Ozark nje ya mito ya asili. Tangu hapo wamelea maelfu na kuwarudisha mtoni. Ni kazi kubwa na ya kupongezwa. Lakini mtaalamu yeyote wa miche atakwambia: kitalu kizuri hakisaidii kama shamba unakopeleka miche limeharibika. Ndiyo maana kazi nyingine kubwa imebidi ifanyike kwa wakulima.

Wafugaji wa kule wamefanya nini

Sehemu kubwa ya mito ya helibenda inapita kwenye mashamba na malisho ya watu binafsi. Serikali haiwezi kwenda kuweka askari kwenye kila kijito. Kwa hiyo wizara yao ya kilimo, kupitia idara yake ya uhifadhi wa maliasili, inakaa na mfugaji mmoja mmoja, anachora mpango wa shamba, na serikali inachangia sehemu ya gharama. Hatua zenyewe ni za kawaida sana:

Kwanza, seng'enge kando ya mto ili ng'ombe wasiingie. Ng'ombe mmoja anayeshuka ukingoni kila siku anabomoa udongo mwingi kuliko mnavyodhani, na kinyesi chake kinaenda moja kwa moja majini.

Pili, hori la maji mbali na mto. Huwezi kumfungia ng'ombe mto bila kumpa pa kunywea. Hapa wafugaji wengi waligundua faida ambayo hawakuitafuta: ng'ombe anayekunywa maji safi horini na asiyesimama kwenye tope ana kwato nzuri zaidi, na kiwele chake hakikutani na uchafu unaoleta ugonjwa wa kiwele.

Tatu, pale ng'ombe au trekta lazima vivuke, kivuko kimoja kilichojengwa kwa mawe na kokoto, badala ya njia kumi za tope.

Nne, ukanda wa miti na majani ukingoni. Mizizi inashika ukingo, majani yanachuja udongo kabla haujafika majini, na kivuli kinatunza ubaridi wa maji.

Angalieni orodha hiyo. Hakuna kitu kinachoitwa "mradi wa salamanda" hapo. Ni ufugaji bora tu. Mnyama anafaidika kwa sababu mfugaji kafanya kazi yake vizuri.

Na sisi ambao hatuna salamanda?

Kusini mwa Sahara hakuna salamanda wa asili. Kwa hiyo usiende kijitoni kesho kumtafuta helibenda, hutampata. Lakini ndugu zake wapo. Kwenye vijito vya misitu ya Usambara yupo chura anayeitwa kitaalamu Arthroleptides martiensseni, anayekaa juu ya mawe yaliyolowa na mwagiko wa maji, na viluwiluwi vyake vinang'ang'ania kwenye mawe hayohayo. Hapatikani popote duniani isipokuwa Tanzania, na naye yuko kwenye hatari ya kutoweka. Anahitaji nini? Mawe safi, maji yanayokimbia, na kivuli. Yaleyale.

Ila mimi ni bwana shamba, na najua mnachofikiria. Chura hanunui mbegu. Halipi mkopo. Na sheria yetu ya usimamizi wa mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu na zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Tupige hesabu kwa uaminifu. Kama shamba lako linapakana na mto kwa urefu wa mita 100, ukanda wa mita 60 ni mita za mraba 6,000. Hiyo ni karibu ekari moja na nusu. Kwa mkulima wa Lushoto mwenye ekari mbili bondeni, hiyo ni karibu robo tatu ya shamba. Mkulima wa Marekani akiacha ukanda wake, ipo mipango ya serikali inayomlipa. Wewe hulipwi. Sitawadanganya kwamba hakuna maumivu hapo.

Lakini hesabu ina upande wa pili. Udongo unaoshuka mtoni ni ule wa juu, ambao umeuwekea samadi na mbolea kwa pesa zako. Mto unaojaa mchanga unapoteza vina vya maji, na kiangazi mashine yako inafyonza tope badala ya maji. Mipira ya matone inaziba. Na wa bonde la chini, ambao wanakunywa maji hayo, hawatanyamaza milele. Ukigombana na kijiji kuhusu maji, hakuna soko litakalokutetea.

Cha kufanya, kwa mpangilio

1. Pima hali ya mto wako. Chukua chupa nyeupe ya lita moja na nusu, ijaze maji ya mto mara baada ya mvua kubwa, iache usiku kucha bila kuigusa. Asubuhi pima kwa rula unene wa tope lililotuama. Andika tarehe. Rudia kila mvua kubwa, mahali palepale. Ndani ya msimu mmoja utakuwa na ushahidi wako mwenyewe. Kisha nyanyua mawe madogo machache ukaangalie chini yake, na uyarudishe yalivyokuwa. Ukiona wadudu wadogo wenye mikia miwili au mitatu waliojibana kwenye jiwe, mto una hewa. Ukikuta minyoo myekundu tu ndani ya tope, mto una shida.

2. Ondoa kwanza vitanda vinavyogusa maji. Kama huwezi kutoa yote kwa mkupuo, anzia hapo. Mistari ile ya mwisho ndiyo inayotoa tope jingi na ndiyo ya kwanza kubebwa na mafuriko. Mimi sina mamlaka ya kukupunguzia mita za sheria. Nenda kwa afisa mazingira wa halmashauri na ofisi ya maji ya bonde mkapime, mjue mstari unapita wapi na nini kinaruhusiwa ndani yake.

3. Zuia udongo juu, usisubiri ufike chini. Vitanda vifuate kontua, visishuke na mteremko. Chimba makinga maji, panda majani ya guatemala au majani tembo kwenye kingo zake. Majani hayo ni chakula cha ng'ombe, kwa hiyo hujapoteza kitu. Funika udongo kwa matandazo, na usiache shamba likiwa tupu wakati masika yanakaribia.

4. Ukanda wa mto upande miti ya asili inayopenda maji: mikuyu na mizambarau ya porini ni mifano mizuri. Mikaratusi hapana. Itakunywea mto wenyewe.

5. Ng'ombe wapelekewe maji. Wengi wenu mnafugia bandani tayari, kwa hiyo ni suala la ndoo, mpira na hori. Samadi irundikwe mbali na njia ya maji ya mvua.

6. Usioshee bomba la dawa mtoni. Kamwe. Amfibia anapumua kwa ngozi, kwa hiyo kinachogusa ngozi kinaingia mwilini. Suuza bomba shambani mara tatu na umwage yale maji kwenye zao lilelile ulilopulizia.

7. Acha mawe makubwa yalipo. Ukitaka kutega maji ya mashine, omba utaratibu kwa jumuiya ya watumia maji, mjenge sehemu moja ya pamoja. Kila mtu akipangua mawe yake, kiangazi kinachofuata mto unakuwa mtaro.

8. Zungumza na wa juu yako. Mto haujui mipaka ya hati. Ukitengeneza ukingo wako na jirani wa juu akaendelea kulima hadi majini, tope litakufikia tu. Usiende kumgombeza. Nenda na chupa yako ya tope na daftari la tarehe.

Yule kijana

Msitarajie niwaambie kijito chetu kimekuwa kisafi kama kioo. Hakijawa. Kijana alitoa mistari ya karoti iliyogusa maji kwenye lile shamba la kukodi, akapanda guatemala. Mwenye shamba alilalamika kwanza, kwamba ardhi yake inalala bure. Baadaye alianza kuyakata majani hayo kwa ajili ya ng'ombe wake, na ng'ombe wawili wale hawashuki tena mtoni. Juu yao bado kuna watu watatu wanalima hadi ukingoni. Kijana anawafuata mmoja mmoja na chupa zake. Wa kwanza amemsikiliza. Wa pili amemwambia maneno yaleyale: "Dogo, tope si sumu."

Nikamuuliza, "Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia mzee, shikamoo yako naiheshimu, ila njoo uone hii mashine."

Hilo ni jibu zuri, mimi siongezi. Naongeza la helibenda tu: usitosheke kuona wazee. Maji bado yanapita, samaki mmoja mmoja bado wapo, mikuyu miwili ya zamani bado imesimama, tunasema mto upo. Swali ni kama kuna kinachozaliwa humo. Mche wa mkuyu unaoota ukingoni upo? Viluwiluwi vipo? Kama hakuna, basi mto wako unaishi kwa akiba, na akiba inakwisha.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini helibenda anaweza kuonekana kwa miaka mingi hata baada ya uzazi kukoma?
2. Taja njia mbili ambazo kukata miti ya ukingoni kunapunguza hewa au makazi ya wanyama majini.
3. Shamba lako linapakana na mto kwa mita ngapi? Ukanda wa mita 60 ni ekari ngapi? Kati ya hizo, ngapi unalima leo?
4. Nani yuko juu yako, na mara ya mwisho mliongea lini kuhusu maji?

Swali la tatu na la nne yajibu kwa kalamu, kwenye daftari la shamba. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, jaza chupa yako. Kazi njema.